Kikombe Kilichopoa

“Rudia! Rudia ulivyoniita jana!”

“Nilikuita mchawi. Na leo naongeza: mchawi mwenye diploma.”

“Sikieni huyo! Mimi niliyemfulia nepi!”

Mpelelezi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkoba begani, na hakuna aliyemwona. Mama mdogo alikuwa ameshika mwiko kama rungu. Alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mwepesi wa miguu, amejifunga kitambaa cha hariri shingoni asubuhi yote ile. Mbele yake alisimama mtoto wa dada yake, dereva wa lori, mkubwa kama kabati, jasho linamtiririka kwenye mashavu kwa joto la jiko na hasira.

Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwenye nyumba. Mtaa mzima ulimwita Mama Kioo kwa sababu alikata vioo na kuunda fremu za picha kwa miaka mingi kuliko wengi wao walivyoishi. Alikuwa amevaa sweta la sufu na blanketi mapajani. Jasho halikumtoka hata tone.

“Mkimaliza,” mpelelezi alisema, “mniambie. Nina kazi nyingine mjini.”

Wote wakageuka. Mwiko ukashuka.

“Afande! Karibu, karibu kiti. Samahani, nyumba hii siku hizi imekuwa uwanja wa mpira.” Mama mdogo alikuwa ameshavuta kiti, ameshakipangusa. “Majibu yametoka?”

“Yametoka.” Mpelelezi hakukaa. Alimtazama dereva. “Wiki iliyopita ulikuja kituoni ukapiga meza yangu mpaka kalamu zikaanguka. Ukasema mama yako mdogo anambadilishia mama yako dawa. Nilichukua chupa nzima ya vidonge nikaipeleka maabara. Kila kidonge ni halisi. Ni dawa ileile aliyoandika daktari, kiwango kilekile. Katika damu ya mama yako hakuna sumu.”

Dereva alipangusa jasho kwa kiganja.

“Haya!” Mama mdogo aliweka mikono kiunoni. “Mungu hamfichi mnafiki. Niliacha nyumba yangu, niliacha kazi yangu, nikaja kumwosha dada yangu mgongo, na malipo yangu ni polisi mlangoni!”

“Afande, mtazame!” Dereva alimnyooshea mama yake mkono. “Mimi nilipoondoka safari mama alikuwa anabeba kioo cha dirisha zima kichwani. Narudi, anaongea kama redio iliyoishiwa betri. Kikulacho ki nguoni mwako.”

“Methali haipandi kizimbani, kijana. Nimekupa wiki nzima, na sina kitu.”

“Basi mwambie aniombe radhi,” alisema mama mdogo. “Halafu atoke. Saa nne wakili anakuja. Dada anaweka sahihi niisimamie karakana, maana mkono wake sasa hauwezi hata kushika rula. Sitaki kelele mbele ya watu wa maana.”

Mama Kioo aliinua uso. Ulikuwa umevimba, umelainika kama unga uliokaa usiku kucha, na kope za macho zilikuwa nzito. Alichukua muda kabla ya kusema, na sauti ilipotoka ilikuwa nene, ya kukwaruza, kama ya mwanamume mwenye mafua.

“Msigombane,” alisema. “Mdogo wangu ananitunza.”

Mama mdogo alimbusu kichwani, akarudi penye jiko. Alipanga vikombe mezani, akamimina chai ya maziwa, nzito, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Kimoja cha afande, kimoja cha dereva, ambaye alikisukuma pembeni, kimoja cha dada yake. Chake alikiweka karibu na jiko, akakifunika kwa kisahani.

“Kunyweni. Mimi bado kidogo.”

Kisha akachukua vichupa viwili rafuni. Katika kimoja alitoa kidonge kidogo, karibu ukubwa wa punje ya mtama. Katika kingine kidonge kikubwa cheupe kama chaki. Akaviweka vyote viwili kwenye kiganja cha dada yake.

“Na wewe afande uone kwa macho yako, wasije wakasema tena.”

Mama Kioo aliviweka mdomoni, akashushia kwa chai, akafungua kinywa na kuinua ulimi, kama mtoto anayeonyesha hakuna peremende.

“Umeona?” aliuliza mama mdogo.

“Nimeona,” alijibu mpelelezi.

Na kweli aliona. Lakini bado hakujua alichokiona.

*

Alisema anataka kuitazama karakana kabla ya kufunga faili. Hiyo ilikuwa desturi yake: kesi ikimshinda, huenda kusimama mahali mtu alipofanyia kazi, si alipolala. Kitandani kila mtu ni mgonjwa; kazini ndipo mwili unaposema ukweli.

Dereva alimsindikiza. Karakana ilikuwa chumba kirefu kando ya nyumba, meza moja iliyotandikwa zulia kuukuu, vipande vya mbao vimesimamishwa ukutani kwa urefu wake. Juu ya meza kulikuwa na kisu cha kukatia kioo, chenye gurudumu dogo la chuma nchani, na kando yake lundo la vioo vilivyoharibika. Mpelelezi aliinama. Kila kipande kilikuwa na mkwaruzo uliotetemeka, ukakatishwa katikati, ukaanza upya.

“Zamani alikata kwa mstari mmoja,” alisema dereva. “Mmoja tu. Alikuwa anasema kioo hakisamehe anayerudia.”

“Hivi vilianza lini?”

“Aliteguka kifundo cha mkono, mama mdogo akaja kumsaidia kupika. Mkono ukapona, mama mdogo akabaki. Basi tangu hapo. Alianza kusikia baridi. Akaanza kulala mchana. Nywele zikawa zinatoka kwenye kitana. Nikauliza maswali, nikaambiwa mimi nataka urithi mapema, na mama mwenyewe akanifungulia mlango nitoke.”

“Mama yako mwenyewe?”

“Kwa mkono wake.” Aliokota kipande cha mbao, akakirudisha. “Lori lina kitanda. Si vibaya.”

“Na kabla ya mama mdogo kuja, dawa alimeza vipi?”

“Alikuwa anameza mwenyewe. Miaka tangu walipomtoa ile tezi ya shingo, hakuwahi kuugua hata mafua. Mwenye kuugua nilikuwa mimi, kwa kupigwa na rula.”

Mpelelezi alicheka kidogo, macho yake ukutani. Fremu zilijaa pale, nyingi tupu, zinangoja wateja. Moja ilikuwa na picha. Wasichana wawili wamesimama bega kwa bega, nguo za kitambaa kimoja, mkubwa amemshika mdogo mkono. Wote wawili walikuwa na rovu. Uvimbe wa shingo umejitokeza kama mtu aliyemeza embe likakwama.

“Huyu mdogo ni mama mdogo?”

“Ndiye. Bibi alikufa mapema. Mama aliacha shule akamsomesha yeye. Ndiyo maana nasema diploma. Ni diploma ya mama yangu ile, jina tu ndilo tofauti.”

Mpelelezi alitoa simu, akampigia daktari wa tezi aliyemtibu Mama Kioo. Alikuwa daktari wa kike, mwenye sauti ya haraka, na nyuma yake watoto walikuwa wanalia.

“Afande, nina foleni mpaka nje. Sema.”

“Vidonge vya Mama Kioo ni vizima. Na anavimeza. Nimeshuhudia leo.”

“Haiwezekani. Tezi ya shingo ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, ngozi ijipashe moto vipi, hata fikra. Ya kwake hana. Kidonge ndiyo tezi yake. Nimeongeza dozi mara mbili, na damu yake inasoma kama mtu asiyemeza kitu. Ni kutia maji kwenye pakacha.”

“Anavimeza, daktari. Kidogo na kikubwa, akashushia na chai ya maziwa, akaniinulia na ulimi.”

Watoto waliendelea kulia kule.

“Vyote viwili pamoja?”

“Kwenye kiganja kimoja.”

“Kikubwa ni kalsiamu,” daktari alisema taratibu sasa. “Anaihitaji, maana operesheni iliumiza vitezi vidogo vilivyo nyuma ya ile kubwa. Lakini vikikutana tumboni, kalsiamu inakikamata kile kidogo na kinapita bila kuingia kwenye damu. Maziwa nayo yanasaidia kazi hiyohiyo. Kidogo humezwa mtu akiamka, kwa maji matupu, kisha anangoja kabla ya kutia kitu kingine mdomoni. Kalsiamu ni mchana au jioni. Nilimweleza hivyo aliyemleta.”

“Nani alimleta?”

“Mdogo wake.”

Mpelelezi aligeuka dereva asimwone uso. “Anaweza kusema alisahau?”

“Wengi husahau. Hilo halina ushahidi, afande, hata mimi nisingeapa. Lakini sikiliza. Ana joto la mwili kiasi gani?”

“Nimemshika mkono. Ni kama samaki wa barafu.”

“Basi mlete leo. Sio kesho. Mwili ukipungua kasi hivyo, mtu analala na hakuna wa kumwamsha.”

Simu ilikatika. Mpelelezi alibaki anaitazama ile picha. Mkubwa na mdogo. Shingo mbili. Shingo ya Mama Kioo ilikuwa na kovu, jembamba, kama mkufu. Alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Ya mama mdogo hakuwahi kuiona. Ila chini ya kitambaa kile cha hariri hapakuwa na uvimbe wowote tena.

Na kile kikombe kilikuwa karibu na jiko, kimefunikwa.

“Mama yako mdogo,” alimuuliza dereva, “asubuhi hunywa chai na nyinyi?”

“Huyo? Hapana, hata kabla sijafukuzwa. Hutumiminia, halafu anazunguka na ufagio. Anasema chai ya moto inamuunguza roho. Yake huwa inapoa mpaka inaota ngozi.”

“Chukua hiyo picha. Twende.”

*

Jikoni, mama mdogo alikuwa anafuta meza kwa ajili ya wakili. Dada yake alikuwa amesinzia kitini, kidevu kifuani. Mpelelezi aliwahi kumtikisa bega, na alitikisa mara mbili kabla ya macho kufunguka.

“Amka, mama. Leo usilale.”

“Umemaliza, afande?” Mama mdogo alitundika kitambaa cha meza, akatazama saa ya ukutani, akaenda karibu na jiko. Akaondoa kisahani. Akaondoa ngozi ya maziwa kwa ncha ya kijiko. “Sasa na mimi nipate riziki.”

“Ulikuwa unangoja nini?”

Kikombe kilisimama njiani. “Kipoe.”

“Kimepoa zamani. Umetazama saa, hukugusa kikombe kujua kama kimepoa.”

“Eh! Afande, hata chai ina mashtaka?”

“Ulifanyiwa operesheni lini?”

Mkono wa mama mdogo ulikwenda kwenye hariri, ukashuka haraka. “Operesheni gani?”

Mpelelezi alichukua picha kwa dereva, akailaza mezani, kioo juu. Mama mdogo hakuitazama. Mama Kioo ndiye aliyeitazama, muda mrefu, na kidole chake kikavu kikapita juu ya kioo kufuta uchafu usiokuwepo.

“Yeye alianza,” alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. “Mimi niliogopa kisu. Akaniambia, dada, si kitu, unalala unaamka. Alinishika mkono.”

“Na yeye tezi ilitolewa yote?”

“Yote. Kama mimi.”

“Basi anameza dawa kama wewe.”

Mama Kioo alitikisa kichwa, polepole. “Hapana. Yeye alipona. Aliniambia aliacha.”

“Mama mdogo,” mpelelezi alisema, “chumba chako kiko wapi?”

“Huna hati ya kupekua.”

“Nyumba ni ya nani?”

“Yangu,” alisema Mama Kioo. “Ingia, afande.”

Haikuchukua muda. Mpelelezi alirudi na kichupa katika mfuko wa nailoni mkono mmoja, na bilauri ya maji iliyobaki nusu mkono wa pili. Aliviweka mezani, kando ya vichupa vilivyotoka rafuni. Lebo ilikuwa ileile, dawa ileile. Tofauti ilikuwa jina la mgonjwa.

“Kando ya mto wako,” alisema. “Kidonge na maji matupu, kabla hujatandika kitanda. Halafu unafagia, unapika, unamiminia watu chai, na kikombe chako kinangoja mpaka saa ya ukutani ikuruhusu. Hukosei hata siku moja. Hata leo, polisi wamekaa mezani kwako, hukukosea. Sasa nieleze, maana mimi sijasomea dawa: kwa nini chako kinapewa maji na cha dada yako kinapewa maziwa na chaki?”

“Kila mtu na mwili wake.”

“Ni mwili mmoja huo. Shingo moja, dawa moja.”

“Sikujua! Mimi si daktari!”

“Wewe mwenyewe unafanya. Anayejua kukwepa shimo usiku hawezi kusema hakujua shimo lipo.”

Dereva alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mpelelezi alimwonyesha kiganja: tulia hapohapo.

Mama Kioo alianza kusema, na ilibidi wote wamngoje, maana maneno yalimjia moja moja.

“Uliniambia daktari amebadilisha. Ulisema, dada, sasa zimezwe pamoja, na maziwa, yalinde tumbo.”

“Dada, wewe unasahau siku hizi. Jana ulisahau hata—”

“Nasahau. Nimesahau jina la mteja wangu wa miaka yote. Hilo sikusahau. Nilikuuliza, na wewe ulimezaje zako? Ukacheka. Ukasema, mimi nilipona zamani, dada, wewe ndiye mzee.” Alipumzika. “Nikafurahi. Nikasema, afadhali mmoja wetu amepona.”

Mama mdogo alikaa. Kitambaa kilikuwa kimelegea, na kovu likaonekana, jembamba, kama mkufu, pacha wa lile lingine.

“Miaka,” alisema, na sasa hakuwa akimwambia afande. “Kivulini mwako. Na tangu nije hapa, fremu nachonga mimi, nakshi naweka mimi, mtu akiingia anauliza Mama Kioo yuko wapi. Kibaoni jina lako. Mtaani mimi ni mdogo wake Mama Kioo. Nina diploma, dada! Nikisema tununue mashine, unasema mkono unatosha. Nilitaka upumzike tu. Ukae. Nisimamie mimi.”

“Kibao,” alisema Mama Kioo, “kinabadilishwa kwa brashi na rangi kidogo. Ungesema.”

“Ungekubali?”

“Ungesema tuone.”

Mama mdogo alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akamkamata dada yake miguu juu ya blanketi. “Dada, nisamehe. Ni mambo ya nyumbani haya. Tutayamaliza wenyewe. Afande atoke, mtoto atoke, tuongee mimi na wewe kama zamani. Nitakupa dawa vizuri. Naapa kwa kaburi la mama.”

Mpelelezi alitoa daftari mkobani. Aliwahi kuliona jambo hili mara nyingi: ushahidi umekamilika, halafu ndugu wanafunga mlango na faili linabaki yatima. Alimwambia Mama Kioo waziwazi, bila kupamba.

“Mama, daktari amesema uende hospitali leo hii, la sivyo utalala usiamke. Hilo halingoji. La pili ni lako. Ukitoa maelezo, naondoka naye. Usipotoa, kesi yangu ni kikombe cha chai, na wakili yeyote atainywa mbele ya hakimu.”

Mama Kioo alitazama kichwa cha mdogo wake kilichoinama mapajani mwake. Aliweka mkono juu ya nywele zile, nyeusi, nene, zenye afya. Kisha akapapasa nyusi zake mwenyewe, pale nusu ya nje ilipokuwa imebaki ngozi tupu.

“Nyumbani,” alisema. “Nyumbani ndiko nilikokuwa nakufa.”

Akauondoa mkono.

“Funguo.”

“Dada...”

“Funguo za karakana. Ziko kiunoni mwako.”

Mama mdogo alizifungua kwenye mkanda. Mama Kioo alizipokea bila kumtazama, akageukia mpelelezi.

“Andika, afande. Naongea polepole, hutachoka.”

Aliongea, na mpelelezi aliandika hapohapo mezani, akisoma tena kila sentensi kwa sauti. Mama Kioo alirekebisha neno moja tu. Palipoandikwa “mshukiwa”, alisema: “Weka mdogo wangu. Wajue ni nani.” Akatia sahihi. Mstari ulitetemeka, lakini haukukatika katikati.

Mpelelezi alimimina chai ya kikombe kile kilichopoa katika chupa safi, akaifunga kizibo, akaandika tarehe. Kisha akamshika mama mdogo mkono wa juu, si kwa nguvu, akamtoa kwa mlango wa mbele hadi gari la polisi, na kichupa chake cha dawa akakitia mkobani.

“Atameza kwa maji,” alimwambia Mama Kioo aliyekuwa anatoka nyuma yao, ameegemea mkono wa mwanawe. “Hata mahabusu.”

“Mpe,” alisema Mama Kioo. “Mimi simtakii haya niliyoyaona.”

Dereva alitaka kumbeba. “Mama, panda mgongoni, tuwahi.”

“Nilikufukuza kwa mkono wangu. Nitatoka kwa mguu wangu.”

“Sawa, lakini kwa mwendo huu hospitali itakuwa imefungwa.”

Mama Kioo karibu acheke. Alisimama mbele ya mlango wa karakana, akaingiza ufunguo. Ulikataa. Akautoa, akaugeuza, akauingiza tena, na kitasa kikalia. Alisukuma mlango kuhakikisha, akautia ufunguo kifuani, ndani ya sweta.

Hapo ndipo wakili alipofika, mkoba kwapani, kalamu tayari mfukoni, tabasamu limemtangulia.

“Shikamoo, mama. Nimekuja kwa ile sahihi. Mteja wangu yuko ndani?”

Mama Kioo alimwonyesha gari la polisi kwa kidevu.

“Yuko pale,” alisema. “Wahi, anakuhitaji.”

Akapanda lori la mwanawe, akajifunika blanketi, na kumwambia aondoe gari.